Mistari ya Kutu Mezani

Baba mkwe alipopiga simu kusema atakuja Jumamosi kuranda mbao za kitanda cha mjukuu wake mtarajiwa, seremala alijibu kabla hajafikiri.

"Mashine ni mbovu, baba. Mota imeungua."

Mzee akajibu, "Basi pole, mwanangu. Tutaona."

Seremala alibaki katikati ya karakana, akiitazama mashine ya randa chini ya turubai. Mota ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni meza.

Mashine ile ilikuwa ya mzee mwenyewe. Meza yake ndefu ilikuwa ya chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kalibuni, kizito, laini kiasi kwamba ubao uliteleza juu yake kama sabuni kwenye beseni. Kila jioni mzee hakufunga karakana kabla ya kuifagia meza hiyo, kwa sababu vumbi la mbao, alisema, hunywa unyevu wa hewa halafu hukitemea chuma. Kisha aliisugua kwa kipande cha mshumaa na kuipangusa kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Magoti yalipomshinda, wanawe wa kuzaa walitaka mashine iuzwe. Aliwakalisha wote, na mkwe wake akiwepo, akasema, "Nampa huyu. Ana mkono wa kutunza." Mashemeji wakamgeukia seremala. Naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku moyoni amevimba.

Halafu mvua zikaja. Maji yalipita chini ya mlango siku ileile aliyoletewa mbao mbichi, na hakuwa na pa kuziweka pakavu. Akazipanga juu ya meza ya mashine. Ni kwa leo tu, alijiambia. Kesho yake akaitwa kufunga milango kwenye jengo jipya, na baada ya milango yakaja madirisha. Alitupa turubai juu ya mbao na kuona kwamba ameikinga mashine. Aliporudi kuziinua, kila ubao ulikuwa umeacha alama yake: mistari mipana ya kutu, myekundu pembeni, myeusi katikati. Akairudisha turubai. Tangu hapo aliranda kwa mkono, na wateja walipouliza, aliwaambia kazi ya mkono ina baraka.

Jumamosi mzee hakuja peke yake.

"Huyu ni fundi wa mota," alisema. "Wanamwita Cheche. Mota ikimshinda huyu, izikwe."

Cheche alikuwa mfupi, mwenye bisibisi kila mfuko. Akapiga magoti kando ya mashine. "Bosi, ilipoungua ilitoa moshi?"

"Kidogo."

"Na harufu?"

"Harufu... ndiyo."

"Harufu ya nini?"

"Ya kuungua."

"Basi hiyo ndiyo mbaya," Cheche alisema kwa huzuni ya daktari. Akafungua kifuniko cha mota, akanusa, akanusa tena. Akatoa mkanda, akachomeka waya, akabonyeza swichi. Mota ikanguruma vizuri, bila kikohozi.

"Mzee umeona? Imesikia jina langu tu imepona!"

Alicheka peke yake. Akamtazama mzee, akamtazama seremala, kicheko kikamwishia njiani. Akarudisha mkanda na kifuniko, akakumbuka ghafla kwamba kuna mteja anamsubiri, akaondoka bila hata kuonja maji.

Mzee alichomoa waya ukutani. Kisha akainua turubai, akaikunja pande mbili, akaiweka chini. Akapitisha kiganja juu ya meza, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Kiganja kilirudi na rangi ya kahawia.

Seremala alisubiri matusi. Angeyapokea kwa shukrani. Lakini mzee yule hakuwahi kumpandishia mkwe wake sauti.

"Una mafuta ya taa?"

"Yapo, baba."

"Na stilwaya ya kusugulia sufuria?"

"Ipo. Lakini acha, baba, nitafanya mwenyewe."

"Shika upande ule."

Wakasugua, kila mmoja upande wake. Mafuta yaligeuka tope jekundu. Wakafuta, wakamimina mengine. Seremala alikuwa akizungusha mkono kwa nguvu, kama anayetaka kufuta yote kwa pigo moja.

"Usizungushe," mzee alisema. "Fuata urefu, kama ubao unavyopita. Ukikazania sehemu moja utachimba bonde, na bonde halina dawa."

Mzee aliegemea meza kupumzisha magoti. Seremala alimletea kigoda, naye akakaa na kuendelea. Walifika karibu katikati ya meza, mikono yao ikikaribia kukutana, ndipo mzee alipouliza, "Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu, baba."

"Mimi nilidhani hutaki nije."

Seremala aliacha kusugua.

"Mtu mzima anapoambiwa mashine mbovu," mzee alisema, bila kuinua macho, "hujiuliza. Nikamchukua Cheche ili nijue kama ni mota, au ni mimi."

Seremala aliinama juu ya kutu yake, akasugua mpaka macho yakamuuma, na hayakuwa mafuta ya taa tu.

Walipomaliza, waliikausha meza kabisa, wakapaka mshumaa na kuipangusa. Uling'aa mwanga wa dirisha juu yake, na chini ya mwanga ile mistari bado ilionekana, kama vivuli. Mzee alisukuma kipande cha ubao. Kiliteleza bila kukwama.

"Weusi hautoki tena. Ila kazi itafanyika."

"Na mashemeji wakija?"

"Wataona. Mimi siwezi kukushikia turubai."

Mlango ukasukumwa na tumbo la miezi ya mwisho. Mkewe seremala aliingia na sinia la chai, akatafuta pa kulitua, akaelekea kwenye meza inayong'aa.

"Siyo hapo!" wanaume wote wawili walipaza sauti.

"Hee!" Mke alisimama, akamtazama mumewe. "Baba nimemzoea. Na wewe? Tangu lini?"

Mzee alikohoa. Seremala akalipokea sinia mikononi mwa mkewe. Hakutafuta pa kuliweka. Alisimama nalo, kichwa chini, mpaka baba mkwe alipomaliza kunywa chai yake.