Hofu ni Kwako

...na ukurasa huu nao ni yeye tu, yeye na usingizi wake uliopotea, yeye na kahawa yake akimngoja tarishi, huyu Mzungu aliyewaandikia barua wauaji miaka nenda miaka rudi hata majibu yao akayafanya kitabu, mgeni wa rumu hii akakiacha chini ya kitanda kama ndala iliyokatika, nami nimeketi ukingoni mwa bafu nakisoma, shuka safi begani, kwa sababu nilidhani kitanifundisha... "Twaiba! Bado uko kwa hiyo rumu? Wageni wamefika risepsheni!" Linet huyo, msimamizi wetu, naja dada, naja... nilidhani kitanifundisha jinsi ya kumwandikia mwuaji hata akajibu, maana ninaye wangu, yuko gerezani, aliua wanawake watatu huku kwetu Diani na wa tatu ni dada yangu Saumu, na nina swali moja tu ambalo jaji hakuuliza, je, alimwacha akatamka shahada kabla ya kukata roho? Mama kule Msambweni hulala na swali hilo na kuamka nalo, na aliyekuwapo ni yule peke yake... lakini barua ina adabu zake, nikishika kalamu tu mkono waandika wenyewe, mimi ni mzima, hofu ni kwako, astaghfirullah, hofu gani niwe nayo kwake, nikachana, nikaanza upya, ikatoka ile ile... na humu kitabuni wauaji wanaomba stempu, wanaomba jamu, wanataka kusifiwa, leo wanasema hivi kesho vile, naye anayameza yote, na waliokufa hata majina hawana, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa tatu! kama nambari za vyumba... "Twaiba, si nakuita?" nasikia, dada... na wangu akinijibu ndiyo, alitamka, nitamwamini? akijibu hakutamka, nitampelekea Mama neno hilo? nitakuwa nimemkabidhi Saumu kwa mwuaji wake mara ya pili, nami nina hasira, Mola anisamehe, nina hasira mpaka meno yaniuma... Saumu akipiga chafya humtaja Mungu, akijikwaa humtaja Mungu, akiunguza wali humtaja Mungu, ulimi uliozoea haungoji ruhusa ya mtu, hilo nalijua mimi, si yeye, na hilo ndilo nitakalompelekea Mama... simwandikii, basi, shuka bado i begani, Linet bado aniita, na ile salamu iliyokuwa ikinichoma mkono kumbe ilikuwa na mwenyewe siku zote, Saumu, mimi ni mzima, hofu ni kwako.