Mrihani wa Jirani

Mkesha wa Mtakatifu Yohana, hakuna dirisha la Ribeira, mtaa mkongwe wa Porto ulio kando ya mto, linalokosa chungu cha mrihani, zawadi ya mwanamume kwa ampendaye. Wa Ermelinda ulikuwa umeanza kunyauka tangu jana. Wa jirani yake Graça ulikuwa umefura kama kichwa cha kondoo.

"Abílio kaniletea mimi kikonyo," Ermelinda alifoka peke yake, "na yule mjane kapata msitu mzima! Nani kampa, kama si huyo huyo mume wangu?"

Graça alikuwa ameteremka ngazi kwenda mtoni kuchoma samaki wa sikukuu. Ermelinda akaliendea dirisha la jirani huyo. Mrihani hupapaswa kwa kiganja, kisha hunuswa kiganja. Ukiutia pua, mmea hufa. Hilo hata watoto wa Ribeira wanalijua. Ermelinda alizamisha uso mzima, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

"Vuta, shoga, vuta! Usiache hata jani."

Graça alikuwa nyuma yake, na sahani ya samaki mkononi.

"Nani kakuletea?" Ermelinda alimkabili bila haya, jani limemganda puani.

"Aniletee nani? Tangu marehemu aondoke najinunulia mwenyewe, tena mkubwa kuliko wenu wote, ili msinionee huruma." Graça aliitua sahani dirishani. "Wako ndio ulioletwa na mtu, shoga. Ndiyo maana jana niliutia pua."