Nyumba za Alama Nyeupe

Neno lililomkosesha Vumilia usingizi mwaka ule lilikuwa moja tu, hapana, na aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, kila asubuhi.

Karatasi za utafiti zilikuwa na safu nne: namba ya nyumba, tarehe, idadi ya mbu waliokutwa kwenye mtego, na ya mwisho swali: Je, jana jioni nyumba hii ilitumia kivumbasi? Nyumba zilizopakwa alama ya kijani mlangoni aliziandikia ndiyo. Zenye alama nyeupe aliziandikia hapana. Ile ndiyo ilikuwa kweli tupu. Ile hapana, kuanzia wiki ya nne, ilikuwa uongo kwa nyumba kadhaa, na uongo wenyewe aliuanzisha yeye.

Utafiti ulikuwa wa Gregory, kijana wa chuo aliyekuja kijijini Ibambila na gari lenye mitego ya mbu nyuma. Watu walimwita Daktari. Alikuwa hajawa daktari bado, udaktari ndio aliokuwa akiutafuta kwa kazi hiyo, lakini Ibambila haisubiri vyeti. Ukija na miwani na gari, umeshahitimu.

Na mbu walikuwepo wa kutosha kumpa mtu shahada. Wachimbaji wakishaona duara, yaani shimo lao, halitoi tena dhahabu huliacha wazi na kwenda kuchimba lingine, mvua inalijaza, na viluwiluwi wa mbu wanahamia humo bila kulipa kodi. Kinga ya watu ilikuwa chandarua, na kivumbasi cha Bibi Paskalina.

Bibi Paskalina ndiye aliyemlea Vumilia tangu mama yake alipofariki. Nyumba yake ilizungushiwa kivumbasi pande zote, na ukipita karibu ukagusa jani, harufu inakufuata mpaka kisimani. Majani yake aliyachemsha kwa wenye mafua wajifukize chini ya blanketi. Aliwapa chai yake waliosokotwa na tumbo. Makavu aliyachanganya na mahindi ghalani ili wadudu wasiyatoboe, na jioni tawi moja lilitupwa kwenye makaa, moshi ukaingia chumbani, mbu wakatoka. Hakuuza hata jani. Kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake, dawa iliyoota uani ni ya anayeiomba. Akiomba, unavunja unampa, hata kama jana mligombana.

Gregory alimsikiliza kwa heshima, hilo lazima tumpe. Akamweleza kwamba kwenye maabara mafuta ya majani hayo yamepimwa na yanafukuza mbu, na habari ya wadudu wa ghalani nayo imeshapimwa. Kuhusu tumbo na mafua, maneno ni mengi na vipimo ni vichache. Yeye alitaka kujua jambo moja dogo: tawi likichomwa nyumbani, na watu wenyewe, kama wanavyochoma siku zote, je, mbu chumbani wanapungua? Nyumba ishirini na nne zingepewa vyandarua vipya. Kumi na mbili kati ya hizo zingechoma kivumbasi kila jioni, na kumi na mbili zisingekigusa kwa wiki kumi.

Bibi Paskalina aliuliza swali moja tu, kwa Kisukuma.

"Na hao wa nyeupe wakija kuomba?"

Vumilia alitafsiri. Gregory akavua miwani, akaifuta.

"Tunakuomba uwanyime, Bibi. Wiki kumi tu. Baadaye watapata wote."

Bibi akageuka kukitazama kivumbasi chake. Vumilia ndio kwanza alikuwa ameajiriwa kukusanya mitego na kuhesabu mbu, kazi yake ya kwanza ya kalamu tangu amalize kidato cha nne. Akapiga magoti mbele ya bibi yake.

"Bibi, fanya kwa ajili yangu."

"Haya, ng'wanawane, mwanangu," alisema bibi. "Kwa ajili yako."

Wiki ya nne Ghati alikuja nyumbani kwa Vumilia, aliyekuwa akiishi peke yake, mbali kidogo na bibi. Ghati alikuwa mke wa mchimbaji kutoka Tarime, nyumba namba kumi na saba, alama nyeupe. Mgongoni alimbeba mwanawe Chacha, aliyetoka zahanati juzi yake kwa malaria, shingo imelegea. Hakusema alikuwa ametokea wapi. Alisimama tu mlangoni, akakitazama kichaka cha kivumbasi nyuma ya jiko la Vumilia, miche aliyopewa na bibi.

"Naomba hata tawi moja, dada. Chandarua ninacho, lakini jioni kabla hatujalala wanamla huyu."

Wewe ungemnyima? Vumilia alijua kabisa anachokifanya. Alivunja matawi matano, akayafunga kwenye kipande cha kanga. Asubuhi iliyofuata alipokwenda kuchukua mtego, harufu ilimpokea nje ya mlango. Mtegoni mlikuwa na mbu wachache. Safu ya mwisho ilikuwa ikimsubiri. Angeandika ndiyo, Gregory angeuliza, na kazi ingekwisha. Akaandika hapana.

Sasa kijijini ukimpa mmoja umewapa wote. Jirani wa Ghati alinusa, akaja. Dada wa jirani akaja. Kufika wiki ya saba Vumilia alikuwa amegawa mpaka kichaka kikabaki vijiti, na nyumba nyeupe saba, au nane, hakuwa na uhakika, zilikuwa zikifuka moshi kila jioni. Aliendelea kuandika hapana. Alijiambia ni wema. Kisha akajiambia haitaharibu kitu. Hayo yote mawili hakuyaamini.

Jambo jingine aliliona asilitilie maanani: watu walikuwa hawaendi tena kwa Bibi Paskalina. Alidhani ni kwa sababu ya mvua.

Siku ya matokeo walikusanyika darasani, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Bibi Paskalina alikaa mbele, kitenge kipya, kichwa kimefungwa vizuri. Gregory alisoma taratibu. Nyumba za kijani, wastani wa mbu kumi na mmoja kwa mtego. Zenye alama nyeupe, kumi na wawili.

"Tofauti hiyo ni ndogo mno," alisema, na sauti yake ilionyesha kuwa naye alikuwa ametarajia makubwa. "Kwa takwimu hizi, sikuona kwamba kuchoma kivumbasi kunapunguza mbu."

"Kumbe miaka yote tumekohoa bure!" alisema Marselino, mwenyekiti wa kitongoji, na darasa zima likaangua kicheko. Nyuma kabisa sauti ya mwanamke ikaongeza, si kwa nguvu sana, "Dawa ya mchoyo itamsaidia nani?"

Vumilia aliisikia, akashangaa. Mchoyo? Lakini hakufungua mdomo. Bibi Paskalina aliinuka, akasema, "Nimesikia," akatoka nje bila kumtazama mtu. Na Vumilia akabaki amekaa. Baadaye, katika yote aliyoyafanya, hilo la kubaki amekaa ndilo lililomuuma kuliko mengine.

Alimkuta bibi uani kwake na jembe. Nusu ya ua wa kivumbasi ilikuwa imeshalala chini, mizizi juu, na harufu ilikuwa kali mpaka macho yakawasha.

"Bibi, acha! Dawa haina kosa. Mimi ndiye niliyeharibu." Akamwaga yote: Ghati, matawi matano, nyumba saba au nane, hapana zote zile. "Zile nyeupe nazo zilikuwa zinachoma. Ndiyo maana hesabu zimelingana."

Jembe lilisimama. Vumilia alitegemea kufokewa. Alikuwa hata anatamani kufokewa.

"Ghati alikuja kwako lini?"

"Siku mbili baada ya mtoto kutoka zahanati. Asubuhi."

"Asubuhi hiyo alianzia hapa," alisema bibi. "Alisimama hapo ulipo wewe. Mtoto shingo imelegea. Nikamwambia sina ruhusa. Akacheka, maana kivumbasi alikiona kimenizunguka. Mayu, mama yangu, mimi sijapata kumnyima mtu jani tangu nizaliwe. Nilimnyima yeye. Wakaja wengine watatu, nikawanyima. Wewe uliniomba kwa magoti."

Vumilia aliketi chini, kando ya mizizi.

"Kisimani wanasema huyu bibi anamnyima mtoto mgonjwa dawa, ana lake jambo, labda ndiye anayemroga. Unajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi, kwa mwanamke wa umri wangu mwenye macho mekundu ya moshi. Nikasema sawa, ni wiki kumi, mjukuu wangu atapata kazi. Kumbe wewe ulikuwa unagawa." Akalitupa jembe. "Ukawa mwema kwa kutumia dawa yangu, na uchoyo ukaniachia mimi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Vumilia alikimbia mpaka shuleni. Gregory alikuwa akipakia mitego. Alimweleza akiwa bado anahema, na alipomaliza Gregory aliketi kwenye ukingo wa gari, miwani mkononi.

"Nyumba ngapi?"

"Saba. Labda nane."

"Tangu lini hasa, kila moja?"

"Sikuandika."

Alitikisa kichwa. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Basi takwimu hizi ni za kutupa. Zote."

"Lakini si sasa unaweza kuwaambia watu kwamba kivumbasi kinafanya kazi?"

"Hapana, dada Vumilia. Siwezi kusema kinafanya kazi, wala siwezi kusema hakifanyi. Sijui. Miaka miwili ya kuandaa kazi hii, na sijui." Akamtazama. "Nitarudi kuwaambia hivyo. Ila sitarudi na wewe."

Alistahili, na alijua anastahili. Alikuwa amedhani ukweli ukishasemwa utamsafisha bibi kwa mkupuo mmoja, kumbe hata ukweli alikuwa ameuchelewesha mpaka hauna faida. Kilichobaki ndani ya uwezo wake kilikuwa kimoja. Akaenda nyumba namba kumi na saba.

Ghati alikuwa akianika dagaa. Alisikiliza amesimama, Chacha akimvuta sketi.

"Mimi ndiye niliyemkataza," alisema Vumilia. "Alikunyima kwa sababu nilimwomba. Kisha nikakupa mwenyewe, nikanyamaza."

Ghati aliweka ungo chini. "Nimemsema vibaya mama wa watu," alisema. "Kisimani, mbele za wenzangu. Dada, ulikuwa unapita hapa kila asubuhi. Kila asubuhi!"

Kesho yake, jua likiwa bado chini, Vumilia alikuwa uani kwa bibi akirudishia udongo kwenye mizizi ambayo haijakauka. Alikuwa amemwamkia mlangoni, "Shikamoo, Bibi," na hakujibiwa. Bibi alikuwa amekaa kizingitini akimtazama akifukia, wala hakuzuia wala hakusaidia.

Ghati akaja, Chacha mgongoni, na nyuma yake wanawake wawili wa nyumba nyeupe. Alipiga magoti chini kabisa.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba radhi. Na tawi, kama unaweza kunipa."

"Marahaba, mwanangu."

Bibi Paskalina aliinuka, akapita kando ya Vumilia, akaenda kwenye kichaka ambacho jembe halikukifikia. Akavunja tawi zima, akaliweka mikononi mwa Ghati. Kisha akamgeukia mjukuu wake kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Umekuja na kalamu yako?"

"Ninayo, Bibi."

"Andika basi," alisema. "Nyumba kumi na saba. Leo. Andika ndiyo."