Mbwa wa Mpangaji

Rodgers alikaa miaka mingi katika vyumba vya uani vya Bi Stara, na kwa muda wote huo hawakuwahi kukwaruzana ila kwa jambo moja tu, nalo ni mbwa.

Mbwa huyo aliletwa angali mdogo, ndani ya kikapu, wakati mwenye nyumba yuko Tabora kumuuguza binti yake Shamila. Aliporudi akakuta kiumbe cha rangi ya udongo, miguu yote minne myeupe, kinakojolea shina la mpapai wake. Watoto wa Rodgers walishampa jina: Soksi. Bi Stara alisimama mbali, kanga imebanwa mdomoni, kisha akachukua fimbo akachora mstari kutoka kwenye mpapai hadi mlango wa jikoni.

"Baba, wewe ni mpangaji mwema," alimwambia Rodgers. "Lakini huyo asivuke hapa."

Watu walidhani ni dini tu. Dini ilikuwemo, kwa maana nyumba ile ilijengwa na babu yake aliyekuja na misafara ya biashara kutoka Unyanyembe akaamua kubaki Dodoma, na tangu siku hiyo haikukosa mswala wala birika la udhu. Riziki nayo ilikuwemo. Kila alfajiri Bi Stara alikaanga vitumbua hapohapo uani, na mteja akikuta unyoya wa mbwa kwenye kitumbua kimoja, basi harudi. Lakini chini ya hayo yote ilikuwepo hofu. Alipokuwa msichana mdogo mbwa alimng'ata paja, na hadi sasa, mjane mwenye wajukuu, akisikia mbwa anabweka mguu ule ulimcheza wenyewe.

Ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani zikajaa sabuni za kila harufu, mitumba ikamwagwa barabarani kwa marobota, na ambaye juzi alipanga foleni ya sukari leo anachagua kati ya aina tatu. Papo hapo mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, na watu waliozoea mshahara wa mwisho wa mwezi wakawa wanaitwa ofisini mmoja mmoja na kuambiwa wakapumzike. Rodgers aliitwa siku ya Jumatatu. Wiki hazikupita nyingi, lori likaja kubeba magodoro na makabati, familia inarudi Mbeya kwa wazazi.

Dereva alikataa mbwa. Watoto walilia. Rodgers akamjia Bi Stara, kofia mkononi.

"Mama, nitamrudia nikishatulia. Mpe makombo tu, hana neno."

Bi Stara hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Nendeni salama," na lori likaondoka.

Soksi alikimbia nyuma yake hadi barabara kubwa. Jioni alirudi akichechemea, akalala mbele ya mlango wa vyumba vitupu, pua kwenye upenyo wa chini ya mlango.

Siku ya kwanza Bi Stara alimwachia Mungu. Siku ya pili alichukua sufuria kuukuu lisilo na mkono, akatia ukoko wa wali na mchuzi wa dagaa, akalisukuma kwa mpini wa ufagio mpaka upande wa pili wa mstari. Jirani yake Zipora, Mgogo aliyekuwa akiuza zabibu za Makutupora sokoni, alimchungulia juu ya ua wa mabati akacheka hadi akashika ubavu.

"Mama Shamila! Unamlisha au unazima moto?"

"Nacheka na wewe?" alijibu Bi Stara. Lakini kesho yake alisukuma tena, na keshokutwa.

Ingeweza kwenda hivyo hata mwaka, mbwa asiye wake akila visivyo vyake. Ila habari zikafika mjini kwamba upande wa Msalato mbwa mwenye kichaa ameuma watu. Gari la kipaza sauti likapita mitaani: wenye mbwa wote wawapeleke kuchanjwa Alhamisi ijayo, na baada ya hapo mbwa asiye na mwenyewe atapigwa risasi.

Zipora alikuja na swali lake jioni ileile. "Si umchukue tu? Tayari unamlisha."

"Kulisha si kufuga," alisema Bi Stara. "Kuku wa njiani nao huokota kwangu. Mwaka jana nilikaa Tabora tangu masika mpaka mavuno. Nikienda tena, nani atamlisha? Akiugua je? Akimuuma mtoto wa mtu je? Na mimi hata kumgusa sijamgusa."

Zipora alirudi kwake bila kucheka. Alikuwa amezoea kumwona shoga yake akiwa na jibu la kila kitu.

Jamaldini, nduguye Bi Stara mwenye duka la mitumba, alikuwa na jibu moja. "Dada, nyumba ya marehemu babu. Watu watasemaje?" Hakugomba. Aliuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba, na hilo lilimuumiza dada yake kuliko ugomvi.

Bi Stara akaenda chuo cha Kurani, kwa Mwalimu Abdulnasiri. Alimkuta ana mafua, anapenga kamasi huku akisahihisha mbao za wanafunzi. Mwalimu alimweleza taratibu: mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, akae nje, awe na chombo chake, na mate yake yakikugusa, osha mara saba, mojawapo kwa udongo.

"Kwa hiyo nimchukue?"

"Hilo hujaniuliza, mama. Umeniuliza kama inafaa. Kama unaweza, mimi sijui." Akapiga chafya, akaomba radhi.

Bi Stara alirudi nyumbani amechukia kidogo. Alitaka aambiwe hapana, au aambiwe ndiyo, mzigo uwe wa mwingine.

Zipora ndiye aliyeleta njia ya tatu. Kaka yake Methusela alikuwa na mbuzi huko Zuzu na alikuwa akitafuta mbwa. Bi Stara alishukuru mpaka akatokwa na machozi. Jumatano asubuhi hakukaanga vitumbua. Zipora alimfunga Soksi kamba ya katani shingoni, na kwa kuwa hakuna gari ambalo lingempakia mbwa, na Zipora ana zabibu zake zinazooza, Bi Stara akashika ncha ya kamba, mkono ameunyoosha kadiri unavyofika, wakaanza safari wawili kwa miguu kuifuata njia ya reli.

Mwanzoni walivutana. Mbwa akinusa kichaka, yeye anasimama kama mtu aliyekutana na nyoka. Mbwa akigeuka kumtazama, anasema, "Tazama mbele, bwana!" Upepo wa kiangazi ulitimua vumbi jekundu, jua likapanda juu ya migunga. Wachunga ng'ombe wawili walisimama kumshangaa, bibi wa mjini na mbwa wake, mmoja akamsalimu kwa adabu, mwenzake akashindwa kujizuia kicheko.

Mahali fulani Soksi akaketi. Bi Stara akavuta, mbwa hakuinuka. Aliinua mguu mmoja mweupe akauacha hewani, unatetemeka. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama katikati ya vidole.

Bi Stara alitazama mbele na nyuma. Reli tupu. "Mtu yeyote!" aliita, na sauti yake mwenyewe ikamchekesha. Akachuchumaa. Paja lake lilikuwa likimcheza kama kawaida. Akaunyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, akaushika ule mguu. Ulikuwa wa moto, na mwepesi kuliko alivyofikiri, mifupa yake kama ya kuku. Akasema bismillahi akang'oa. Soksi alilia mara moja, kisha akamlamba kiganja chote, polepole, kama anayefuta sahani.

Bi Stara hakupiga kelele. Alibaki amechuchumaa, mkono ule ameuweka mbali na gauni lake, akisubiri hofu ije. Ilikuja, lakini ilikuja ndogo.

Zuzu walifika jua la utosi. Methusela aliwapokea vizuri sana. "Mbukwa, mama!" alimsalimu kwa Kigogo, akamvutia kigoda kivulini mwa tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, akaagiza maji. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayeongea na mbuzi wake kwa majina. Kando ya boma la mbuzi walilala mbwa wawili, mbavu zinahesabika.

"Wanakula nini hawa?" aliuliza Bi Stara.

"Wanachopata. Ugali ukibaki. Mwaka huu uwele haukukubali, hata sisi tunakula kwa kupimiana."

"Chanjo je?"

Methusela alitabasamu kwa soni. "Sikudanganyi, mama. Wa huku hawachanjwi. Na walikuwa watatu. Mmoja fisi alimchukua karibu na pale mlangoni." Akamtazama Soksi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya kigoda. "Huyu wa mjini atajifunza kazi. Asipojifunza, basi ndiyo hivyo. Nitamtunza kama ninavyowatunza wenzake. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Lilikuwa jibu la haki, lisilo na kasoro. Bi Stara alikunywa maji yake akaangalia kamba iliyokuwa mkononi. Angeiachia, angefika nyumbani kabla ya magharibi, na habari ya mbwa ingeishia hapo. Akiliwa na fisi, hatasikia. Akikonda, hataona. Na hapo ndipo alipojifahamu. Siku zote zile hakumtafutia mbwa makao. Alijitafutia mahali pa kutoona.

Bado hakuinuka. Huruma aliijua, ilishawahi kumwingiza katika mambo asiyoyaweza. Akaanza kujiuliza tena yale aliyomuuliza Zipora, safari hii akingoja majibu. Chakula: kwa muuza mapupu sokoni, na ukoko haukosi. Vitumbua: meko yahamie barazani mbele, mbwa abaki uani, na atakayeacha kununua aache. Tabora: hapendi kumwomba mtu, ataomba. Jamaldini: atanuna. Hofu: hiyo hakuwa na jibu lake. Alisema moyoni, nitakuwa naogopa huku namlisha, kama nilivyofanya mpaka leo.

"Baba," alimwambia Methusela, "nimekusumbua bure. Narudi naye."

Methusela hakushangaa wala hakukasirika. "Ulivyoishika hiyo kamba," alisema, "nilijua sitapata mbwa leo." Akampa mahindi mawili ya kuchoma ya njiani.

Walifika mjini giza linaingia. Bi Stara alichota ndoo ya maji na kopo la udongo, akaosha mkono wake mara saba bila kuharakisha, huku Zipora akichungulia juu ya ua, mdomo wazi, hajui acheke au aulize.

"Usiulize," alisema Bi Stara. "Ila nina ombi, na ukikataa sitakulaumu. Nikisafiri, utamlisha? Si kumtupia. Kumlisha."

Zipora alifikiri. "Nikisafiri mimi, utamwagilia mchicha wangu?"

"Nitaumwagilia."

"Basi."

Alhamisi bwana mifugo alikuwa na msururu mrefu chini ya jua, mbwa wakibwekeana, wenyewe wakitukanana. Bi Stara alikuwa mwanamke pekee mwenye buibui. Zamu yake ilipofika aliulizwa mbwa ni wa nani, akababaika, akasema, "Wa mpangaji—" kisha akasema, "Wangu. Andika Stara." Soksi alipochomwa sindano yeye ndiye aliyefumba macho.

Mambo hayakunyooka yote. Fundi cherehani Athuman, mteja wake wa kila siku, aliacha kununua vitumbua na hakurudi tena. Wakikutana walisalimiana na kutazama pembeni. Soksi alichimba shimo chini ya mpapai mpaka mti ukainama. Usiku mmoja alimbwekea muadhini aliyekuwa akipita zake, na Bi Stara ikabidi aende kuomba radhi. Jamaldini alikaa muda mrefu akimsalimu dada yake kutoka nje tu. Kisha Ijumaa moja akaja na mkokoteni wenye mabati mawili na mbao.

"Mvua zinakuja," alisema. "Msidhani ni kwa ajili ya mbwa. Haya mabati yalikuwa yananizibia njia dukani."

"Nimesikia," alisema dada yake, akamletea chai wakati anagongelea kibanda.

Shamila alipojifungua tena, Bi Stara hakukimbilia stesheni kama zamani. Kwanza alimwachia Zipora kazi ya kulisha, yeye mwenyewe amejifungia ndani kimya, akichungulia dirishani kama mwizi. Soksi alizunguka mlango, akalia kidogo, hatimaye akala. Hapo ndipo alipokata tiketi.

Alikaa Tabora mpaka mtoto wa Shamila, kilembwe wa yule babu wa misafara, alipotimiza arobaini yake. Aliporudi alikuta uani pamefagiwa, sufuria safi limefunikwa, na mbwa mnene kuliko alivyomwacha, jambo lililomtia wivu kidogo. Soksi hakumrukia. Alikuja mpaka kwenye mkoba akaunusa pembe zote, akanusa viatu, akanusa pindo la buibui. Halafu akajilaza kwenye miguu yake, kidevu juu ya kiatu.

Paja la Bi Stara lilicheza. Aliliacha licheze.

"Haya, inatosha," alisema, "nina njaa, na wewe pia." Wakaenda jikoni, yeye akaingia, Soksi akabaki kizingitini kumsubiri.