Maua Juu ya Vitufe

Mwaka sabini na sita nilikuwa nimeolewa Igalula, mume wangu Mfaume akifanya kazi stesheni. Mimi nimezaliwa Tabora mjini, na mkono wangu ulijulikana kwa kupamba maharusi hina na piko. Kijiji kilipopata mashine ya kukoboa na kusaga, inayoendeshwa kwa jenereta, Siwema aliyekabidhiwa kuiendesha akaja kwangu mbio.

"Batuli, dada yangu, niokoe. Vitufe ni vitatu, maandishi ya Kizungu, na mimi hata haya ya Kiswahili ndiyo kwanza nayaanza kule kwenye kisomo cha watu wazima. Nikichora kwa mkaa, vumbi la unga linafuta."

"Kwani unavisahau?"

"Nikiwa peke yangu sivisahau. Wateja wakianza 'debe langu, debe langu', kichwa chote kinahama."

Siwema alikuwa mjane, ana watoto wanne. Na Mzee Silasi, mwenyekiti wetu, alikwisha kusema hadharani kwamba Siwema akikosea mara moja tu, ataletwa mtu mwenye cheti kutoka mjini.

Nikapata rangi ya mafuta, masalio ya stesheni, nyeupe na nyekundu. Kisanduku cha swichi, chenye vile vitufe, nikakisugua kwa mafuta ya taa mpaka bati likang'aa. Nikashika unyoya wa kuku. Kitufe cha kukoboa nikakichora mchi, cha kusaga jiwe la kusagia, cha kuzima kiganja cha mkono. Ningeishia hapo. Lakini kwetu mkono wa bibi harusi hauachwi na pengo. Ukiacha, watu watasema mpambaji kanyimwa ujira wake. Basi nikatoa tawi kwenye mchi, nikalizungusha kwenye jiwe, majani yakapenya katikati ya vidole vya kile kiganja. Nikajaza bati lote.

"Mashine imeolewa!" alicheka Koleta, jirani yetu. Watu walikuja kutazama tu, hata wasio na mahindi.

Siku ya tatu Koleta aliinama kuzoa pumba, pindo la kanga yake likanaswa na mkanda wa mashine. Akapiga kelele. Siwema akarukia kisanduku. Nilikuwa kwenye foleni, nikaona kidole chake kikielea, kulia, kushoto. Akabonyeza jani. Akabonyeza ua. Mwisho akabamiza viganja vyote viwili juu ya bati, ndipo mashine ikazima. Koleta alikwisha kuifungua kanga, amesimama na gamisi yake ya ndani.

"Mnanitazama nini? Nipeni kanga!"

Jioni ukaitwa mkutano. "Ndugu wananchi, nilisema," akaanza Mzee Silasi. Siwema aliinamia vidole vya miguu yake. Hakuna aliyeyataja maua, na mimi ningeweza kunyamaza. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, tunazungumzia mashine."

"Na mimi naizungumzia hiyohiyo. Kosa ni langu. Nilipaka mpaka haijulikani kitufe kinaishia wapi na bati linaanzia wapi. Mwenzangu alitafuta kitufe, akakuta maua."

"Lakini mazuri!" mtu akadakia nyuma.

"Ndiyo yaliyomponza. Nipeni siku mbili, niyatoe."

Mzee Silasi alisugua kidevu. "Siku mbili. Na nitamjaribu mwenyewe."

Niliyakwangua kwa wembe, jani baada ya jani, na sitasema uongo, roho iliniuma. Bati likabaki tupu. Kila kitufe nikakipa picha moja, isivuke ukingo wake. Cha kuzima nikakipaka chote rangi nyekundu, kiganja cheupe katikati. Nikamsimamisha Siwema mlangoni, nikamwambia afinye macho.

"Unaona nini?"

"Mkono."

"Na nini tena?"

"Mkono tu, Batuli."

Tukaacha rangi ikauke.

Siku ya jaribio Mzee Silasi aliwaambia watu wote wapige kelele, na yeye akawashinda. Siwema aliambiwa aipe mashine mgongo, ageuke akiamriwa. "Koboa! Zima! Saga! Zima! Zima, nimesema!" Kila alipogeuka, kidole kilikwenda moja kwa moja. Mwenyekiti akataka kujaribu na yeye, bila kufundishwa. Akaiwasha, akaizima.

"Hata mwenyekiti kaweza!" Koleta akapiga vigelegele.

Mzee Silasi alipangusa unga kwenye nyusi. "Haya, Siwema. Endelea na kazi yako."

"Naendelea, mzee," Siwema alisema, akishika debe la kwanza. "Ila sogea hapo, foleni inaanzia mlangoni."