Wezi wa Bando wa Murusagamba

Jumamosi, saa kumi jioni, Jovitha alimaliza kumenya ndizi, akasugua utomvu mikononi kwa majivu, akaiweka simu juu ya kinu kilichofudikizwa na kuwasha hotispoti. Mirija minne ya matete ikachomoza ubavuni mwa simu, mirefu, kama ile ya kunywea pombe ya ndizi. Wanawake wanne wa darasa la jioni wakashika kila mmoja wake, wakafuta ncha kwa kitenge, wakaichomeka kwenye simu zao. Mama mkwe wake, Rozalia, aliyekuwa akichambua maharage, aliitazama akasema ya mwaka jana ilikuwa minene zaidi.

Wiki hiyo zamu ya kununua bando ilikuwa ya Jovitha. Wote watano waliishia darasa la saba, na sasa walisoma kwa mwalimu Ansbert, ambaye kila Jumamosi aliwatumia somo la video. Leo ilikuwa moyo. Jumamosi ijayo ingekuwa figo, kisha Jumatatu mtihani wa taifa.

Moyo wa kwenye video haujapiga hata mara kumi, ujumbe ukaingia: "Ndugu mteja, umegawa. Umekatwa MB 50 kwa kila mrija."

Jovitha akapiga huduma kwa wateja.

"Samahani dada, nauliza, hotispoti mnatoza?"

"Hatutozi, mama. Kugawa ni bure kabisa."

"Mbona nimekatwa?"

"Wewe hujakatwa. Tumewakata waliogawiwa, ila kwenye simu yako. Kuna lingine nikusaidie?"

Hakukuwa na lingine.

Jumapili asubuhi jirani yake, Anjelika, alikuja kuomba kaa la moto. Jovitha akampa moja kwenye kigae, na simu ikalia: MB kumi. Chumvi ilikuwa MB tano. Kuitikia marahaba kulikuwa bure. Alijaribu mara mbili kwa watoto waliokwenda kisimani, akahakikisha.

Jumatatu alikaa kwenye mkeka kumnyonyesha Elick, mwanawe wa miezi tisa. Simu ikalia. "Ndugu mteja, umeunganisha kifaa kimoja kisichosajiliwa. Umekatwa MB 30. Tafadhali fika na kifaa chako kwa wakala kwa ajili ya alama za vidole."

Akamfunga Elick mgongoni, akaenda. Wakala alikishika kidole cha mtoto, akakibonyeza kwenye mashine mara tatu, kisha akakifuta mate na kukibonyeza tena.

"Mashine inasema bado ni kipya mno," alisema wakala. "Umrudishe akifika miaka kumi na minane."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo anakatwa tu, mama. Hata mimi wangu wanakatwa."

Ilipofika Jumatano zilibaki MB mia tatu. Somo la figo lingekula mia mbili, na Elick alinyonya mara nane kwa siku. Jovitha akampikia uji wa ulezi. Elick akautema juu ya daftari la Bayolojia, kwenye mchoro wa moyo, akacheka. Jovitha alijua kabisa kwamba wenzake wanne walikuwa wakimtegemea, na kwamba asingemnyima mtoto. Akalifuta daftari polepole, akampa titi. Simu ikalia.

Rozalia aliweka ungo chini.

"Anakatwa nani, anayetoa au anayechukua?"

"Anayetoa, mama."

"Basi usitoe. Tutaiba. Hebu soma, wizi nao wameupangia bei?"

Jovitha akasoma vigezo na masharti mpaka taa ya sola ikafifia. Wizi haukutajwa popote.

Wakakubaliana kanuni. Mwenye mali asimtazame mwizi, wala asiseme karibu, maana kukaribisha ni kutoa. Ila mwizi lazima abishe hodi. "Sisi si watu wasio na adabu," alisema Rozalia.

Ijumaa kijiji kizima kilikuwa kikiibiana.

"Hodi," aliita Anjelika mlangoni.

"Simwoni mtu hapa," alijibu Jovitha, akiutazama ukuta.

"Naiba chumvi, Mama Elick. Halafu jana hukuja kuniibia maharage. Umeninunia?"

"Nilikuja, nikakuta umeyafunika. Mwenye roho nzuri hafuniki."

Elick naye aliiba. Jovitha alimpakata, akafungua blauzi, akageuzia uso migombani, na Rozalia akabisha hodi kwa niaba ya mjukuu wake. Simu ilinyamaza. Jovitha alikisikia kile kiganja kidogo kikipapasa kidevu chake, kikikivuta kije chini. Akahesabu mikungu ya ndizi. Ilikuwa kumi na mmoja. Akaihesabu tena.

Jumamosi aliiacha simu juu ya kinu akageuka. Hodi nne zikasikika, mirija ikachomolewa kwa heshima, na figo zote mbili zikaibwa bila kupungua kitu.

Siku chache baadaye alifika ofisa wa kampuni kwa pikipiki, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Vitabu vyake vilionyesha kwamba Murusagamba nzima hakuna aliyemgawia mwenzake kitu.

"Nyie hamgawani?" aliuliza.

"Sisi ni wezi tu, baba," alisema Rozalia.

Ofisa akaandika hivyo. Jua lilikuwa kali. Aliutazama mtungi wa maji, akawatazama wenyeji, nao wakageuka wote kuangalia barabara. Akabisha hodi, akaiba kikombe kimoja, akaongeza cha pili.

Kwenye mtihani swali la figo lilikuwa limetoka, na wote watano walilijibu. Matokeo ya Januari yalipoonyesha kwamba wamefaulu, kampuni nayo ilituma ujumbe kwa wateja wote: kugawa kunaendelea kuwa bure, kama siku zote. Wiki hiyo Anjelika alimwazima dada yake ungo kwa kusahau, akakatwa.

Jioni moja Jovitha alikuwa ameketi kwenye mkeka. Elick akaja kwa miguu yake mwenyewe, akiyumba, akashika kitenge cha mama yake. Jovitha alikuwa ameshageuzia uso migombani, akimsubiri mkwewe abishe.

"Hodi," alisema Elick.

Lilikuwa neno lake la kwanza.

Jovitha akageuka. "Karibu, baba," alisema, akampakata, akamtazama machoni mpaka aliposhiba.

Simu ikalia juu ya kinu. Ikalia tena.

"Mtazame tu," alisema Rozalia, akijifunga kitenge vizuri. "Bando nitaiba kwa Anjelika."

Akavaa ndala zake, akaenda kubisha hodi.