Kamba za Majeneza

Rimu ya kuzungushia kamba ilikuwa tayari, injini ya trekta bovu ilikuwa imefungwa kwa bolti juu ya kilima cha Grúň, na dizeli ilikuwepo. Kilichomkwamisha Vendelín ni kamba. Wageni wa kuteleza kwenye theluji walikuwa wanatarajiwa kutoka mjini, na watu wa mjini hupenda kushuka mlima, kuupanda hawataki. Kamba ya kuwavuta hadi juu haikupatikana dukani.

“Kwani kule kwenye mnara wa kengele kuna nini?” mkewe Hermína alimuuliza huku akikanda unga wa viazi. “Kamba zimejaa tele, wanaozifaidi ni panya.”

Zilikuwa kamba za kushushia majeneza. Kijijini Zábrež kamba hizo hazitupwi. Zikichakaa huviringishwa na kupandishwa mnarani, na hakuna aliyewahi kuuliza zinangoja nini. Vendelín alizishusha, akaziunga moja baada ya nyingine, akazipaka mafuta ya nguruwe zisigande. Kapi la chini alilifunga kwenye nguzo ya geti la makaburi, maana ndiyo nguzo pekee iliyokuwa imara. Padri alisema hana neno, mradi rangi isikwaruzwe.

Injini ikakohoa, ikashika, kamba ikaanza kupanda. Wa kwanza kuishika alikuwa Vavrinec, fundi viatu, aliyezikwa mwaka wa mafuriko. Nyuma yake wakaja dada wawili wa nyumba ya kinu, kisha mwalimu wa zamani na miwani yake. Walivaa nguo zao za mazishi, zilizopasuliwa mgongoni kama zinavyopasuliwa nguo za marehemu wote, na upepo ukawa unaziingia. Walipofika juu walikalia makoleo wakateleza hadi chini, kisha wakajipanga tena.

“Jamani, foleni!” alifoka jirani yao Cyril, ambaye alikuwa hai na mwenye haraka. “Kufa siyo tiketi!”

“Tulia wewe,” Vavrinec akamjibu. “Mwenzio nimengoja miaka thelathini.”

Jioni injini ilipozimwa, marehemu walirudi getini kwao. Zábrež nzima inajua kwamba maiti haingii nyumba mpaka mtu wa damu yake amkaribishe kwa mdomo wake mwenyewe. Akishakaribishwa, hakuna wa kumtoa. Fundi viatu alikaribishwa na mjukuu wake, akanywa supu ya kabichi, akabaki moja kwa moja, kwa kuwa viatu vya nyumba ile vilikuwa hoi. Wengine hawakukaribishwa, na hawakununa.

Siku ya tatu akaja mama yake Vendelín, Bi Filoména. Alikuwa amezikwa Novemba, siku moja kabla ya siku yake. Desturi ni kumlaza marehemu nyumbani siku tatu, lakini mchinjaji wa nguruwe alikuwa na nafasi Alhamisi tu, na nguruwe hachinjwi kwenye nyumba yenye maiti. Kwa hiyo asubuhi walizika, na mchana wakachinja.

Marehemu wengine walikuwa na mikono safi. Bi Filoména hakuwa na kucha hata moja, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimelika. Hakuweza kushika kamba. Aliikumbatia kwa kiwiko mpaka juu.

“Vendo,” alisema, akihema kidogo. “Yule nguruwe alitoka vizuri?”

“Alitoka vizuri, mama. Mafuta unene wa vidole vinne.”

“Mungu ashukuriwe. Nilimsikia akilia. Na mimi kule chini nilikuwa nalia, ila yeye alinizidi sauti.”

Waliokuwa wamefika juu pamoja naye waliitikia kwa vichwa.

“Hata sisi tulisikia,” Cyril alisema. “Tukajua ni nguruwe.”

Vendelín alimpenda mama yake, mtu asikudanganye. Aliinama akaongeza dizeli, ingawa tangi lilikuwa limejaa.

“Sina kinyongo, mwanangu,” mama yake alisema. “Nikaribishe ndani tu. Baridi ya kule chini si mchezo. Nitakaa jikoni, sitamsumbua mtu.”

“Kesho, mama.”

Usiku ule Hermína hakuzungusha maneno. “Chumba chake kimeshaombwa na wageni. Na vile vidole je? Atakaa mezani, atavionyesha kila anayeuliza. Mtu atakula kweli?”

“Ni mama yangu, Hermína.”

“Ni mama yako, ndiyo. Nani kasema siye?”

Kesho ikaja, akaambiwa kesho. Kila siku Bi Filoména alikumbatia kamba, akapanda polepole foleni ikimngoja, akauliza, akateleza chini akiwa amekalia koleo.

Wageni wakafika Jumamosi jioni, mume na mke, na mbao zao za kuteleza mabegani. Vendelín akawaongoza nyumbani. Mama yake akafuata nyuma kwa mwendo wa pole. Mlangoni alikung’uta theluji kwenye viatu vyake vya mazishi, mguu mmoja, halafu wa pili, kama alivyomfundisha Vendelín alipokuwa mdogo. Akaitengeneza leso yake kichwani kwa viganja.

Vendelín akafungua mlango. Harufu ya kabichi na soseji ikawajia nje.

“Karibuni,” alisema.

Bi Filoména akainua mguu.

“Karibuni ninyi wawili,” Vendelín akasema.

Mama akaushusha mguu pale pale ulipokuwa. Wageni wakaingia, na mlango ukafungwa kwa sababu ya baridi.

“Na yule bibi wa nje?” mgeni wa kike aliuliza mezani.

“Ni wa kwenye kamba,” Hermína alimjibu, akimwekea soseji ya damu. “Kula, mwanangu, itapoa. Nguruwe wetu wenyewe huyu.”

Alisifiwa sana yule nguruwe. Vendelín naye alikula, akaongeza.

Asubuhi alikwenda kwenye banda la vyuma akapinda kipande cha nondo kikawa ndoano, akakisugua kisikwaruze, akakitia mkanda wa ngozi. Bi Filoména alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Vendelín alimfunga ile ndoano mkononi, taratibu, juu kidogo ya vidole, akahakikisha haimbani, na tangu siku hiyo foleni haikucheleweshwa tena.